Vijimaji vya Warusi: Vodka ya Malimau na Majina Yake

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea karatasi yenye maelekezo ya kutengeneza nyumbani vodka ya malimau na machungwa, ya kunywewa karamuni kwa vikombe vidogo. Karatasi yenyewe haikuzidi mistari kumi na mitano, wala hapakuwa na jambo la kutisha ndani yake: menya matunda, loweka maganda katika kileo kwa siku chache, chuja, tia shira, poza. Hata hivyo mfasiri alikuwa amekwama. Hakujua kileo akiite nini, tunda akiliita jina moja au mawili, wala kipimo akiandike vipi. Tulidhani tungemjibu kwa barua fupi. Tulipoichungua historia ya maneno hayo tuliona kwamba barua fupi ingempotosha, na pengine ingemdhuru mtu.

Wapo wasomaji watakaoona haiwi heshima kwa jarida la lugha kushughulika na vileo. Tunawakumbusha kwamba forodha, hospitali na mahakama hushughulika navyo kila siku, na kila mara huhitaji maneno.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa Kirusi voda ni maji, na vodka ni neno hilohilo katika hali ya udogo. Kwa Kiswahili tungesema vijimaji. Warusi si peke yao katika mzaha huu. Kilatini kiliita kileo kilichokenekwa aqua vitae, yaani maji ya uhai. Kifaransa kikafuata na eau-de-vie. Kigaeli kikasema uisge beatha, ambalo Waingereza walilikata mkia likawa wiski, na sisi tukalipokea likiwa limekwisha katwa. Waarabu waliona jambo jingine. Walitazama mvuke ukigusa ubaridi na kudondoka tone kwa tone, wakakumbuka mwili wa mtu kazini, wakakiita kileo hicho araki, yaani jasho. Ni wao pia walioipa Ulaya jina la chombo, al-anbiq, ingawa wao wenyewe walilitoa kwa Wayunani. Na alkoholi je? Asili yake ni al-kuhl, unga laini wa wanja. Wataalamu wa Ulaya walilitanua neno hilo kutoka unga laini hadi kiini chochote kilichosafishwa, mpaka katika karne ya 16 Paracelsus akalitumia kwa kiini cha mvinyo. Hivyo bibi arusi anayepakwa wanja na mlevi aliyelala njiani wameshikwa na neno moja.

Mwanzoni kileo hiki kilikuwa dawa. Mwaka 1534 Stefan Falimirz alichapisha mjini Kraków kitabu juu ya mimea na nguvu zake, na humo vodka imetajwa pamoja na majani na mizizi ya tiba. Kutoka kabati la dawa hadi meza ya karamu njia haikuwa ndefu, na kazi ilibaki ileile: kitu chenye harufu nzuri hulowekwa katika kileo mpaka kitoe kilicho nacho. Warusi huita kinywaji cha namna hiyo nastoyka, kutokana na kitendo cha kusimama, kwa kuwa huachwa kikae. Wapolandi husema nalewka, kutokana na kumimina. Kazi moja, na kila kaumu imeshika sehemu yake.

Malimau na jamaa zake hayaoti katika theluji. Yalifika Urusi kutoka nchi za kusini, nayo yakawa tunu. Miongoni mwa vodka za zamani zenye sifa iko pomerantsevaya, na hapa mfasiri wa Kiswahili ana bahati ambayo wenzake wengi hawana. Pomeranets si chungwa la kawaida. Ni lile chungu, ambalo sisi tunaliita danzi. Anayeandika “vodka ya machungwa” amekosea tunda, na neno sahihi lilikuwa mlangoni pake siku zote.

Kwa nini ganda na si maji ya tunda? Harufu ya jamii hii ya matunda imo katika mafuta yaliyojaa kwenye vijifuko vya ganda la juu lenye rangi. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji, lakini huyeyuka katika kileo kikali. Sehemu nyeupe iliyo chini yake haina harufu ya maana. Ina uchungu tu, na ndiyo maana karatasi ya mfasiri ilisisitiza kisu chepesi. Ukiongeza maji mengi baadaye, mafuta hujitenga na kinywaji hupata ukungu. Si kuharibika huko. Na chupa ikiwekwa katika friza ya nyumbani haigandi, kwa sababu kileo cha asilimia 40 huganda karibu na nyuzi 27 chini ya sifuri.

Hiyo asilimia 40 husemwa sana kwamba iliwekwa na mwanakemia Mendeleev katika tasnifu yake ya mwaka 1865. Tasnifu ipo kweli, nayo inahusu kuungana kwa alkoholi na maji. Lakini hakuitunga ili kuwapangia wanywaji kiwango.

Tumalize habari za jina kwa kutaja kwamba hata wenyewe hawajapatana. Mwaka 1949 Marekani ilieleza katika kanuni zake kwamba vodka haina ladha, harufu wala rangi ya kuitambulisha, na maelezo hayo yaliondolewa mwaka 2020. Katikati ya miaka hiyo walevi hawakungoja kanuni: katika miaka ya 1970 mjini San Francisco ilienea vodka yenye maji ya limau na sukari, na mwaka 1988 Wasweden walitoa Absolut Citron. Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2008, baada ya ugomvi mrefu, uliamua kwamba vodka isiyotokana na nafaka au viazi itaje asili yake kwenye chupa. Kwa hiyo tunashauri neno vodka libaki kama lilivyo, ngeli ya i-/zi-, na lisitafsiriwe.

Tunda ndilo lililotushughulisha zaidi. Karatasi ya mfasiri ilitaja “lemon” na “lime”, naye aliyaandika yote mawili limau. Hilo si kosa dogo, na Waingereza wenyewe walilipia. Tangu mwaka 1740 Admirali Vernon alipoagiza ramu ya mabaharia ichanganywe na maji, na walio waangalifu wajinunulie sukari na ndimu, kileo na matunda haya yalikwenda pamoja melini. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya meli Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Mwaka 1795 maji ya malimau yakaanza kutolewa rasmi. Lakini watu wa bahari walikwisha zoea kutumia majina hayo mawili ovyo, moja kwa maana ya jingine, na katika miaka ya 1860 malimau ya Bahari ya Kati yalipobadilishwa kwa ndimu za visiwa vya Karibi, wengi waliona ni kitu kilekile. Kumbe ndimu zile zilikuwa na vitamini C kidogo sana zikilinganishwa na malimau, na matayarisho na kuwekwa kwingi vilipunguza hata hicho kidogo. Msafara wa Nares uliokwenda Aktiki mwaka 1875 ulirejea mwaka uliofuata ukiwa umepigwa na kiseyeye. Majina hayakuwa sababu pekee, lakini yaliificha sababu.

Kiswahili cha pwani kina limau na kina ndimu, na mpishi yeyote huko anajua tofauti yake. Yapo masoko ambako yote huitwa malimau, na mengine ambako yote ni ndimu. Muuzaji ana ruhusa hiyo kwa sababu tunda liko mbele ya mnunuzi. Mfasiri hana, kwani msomaji wake haoni kitu ila neno.

Sasa tufike kwenye neno lililotutia hofu. Mahali karatasi ilipotaja kileo kisafi kisicho na ladha, mfasiri aliandika “spiriti”. Katika nyumba zetu spiriti ni ile ya kusafishia vidonda au ya kuwashia jiko, na mara nyingi huwa imetiwa methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Mwaka 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Mwezi Desemba 2016 huko Irkutsk, katika nchi ya vodka yenyewe, zaidi ya 70 walikufa kwa kunywa dawa ya kuogea iliyobeba jina la mmea ambao pia hutengenezewa dawa ya kunywa. Tunapendekeza spiriti liachiwe kile kisichonyweka, na kinachonyweka kiitwe kileo kikali.

Kipimo hakina hatari hiyo. Warusi walipima kwa vedro, maana yake ndoo, ya lita 12.3, na sehemu yake ya mia, charka, ilikuwa mililita 123, kiasi ambacho mgeni wa leo angekiona adhabu. Kwetu toti limekwisha kaa vinywani, nalo linafaa, mradi idadi ya mililita iandikwe kando yake. Watu hawangoji baraza. Neno konyagi lilitoka mji wa Cognac na kufika kwenye kinywaji kisicho na zabibu. Waragi wengine hulitoa katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita (ile ya chupa, si ya mizimuni), na wengine katika araki iliyoletwa na askari wa Kisudani. Kiroba, kifuko cha plastiki kilichopigwa marufuku Tanzania mwaka 2017, hakikupita katika kamati yoyote.

Lilibaki neno la kichwani, ambalo mfasiri hakuliuliza: kutengeneza. Karatasi haikumwambia mtu akeneke. Ilimtaka anunue kileo kilichokwisha kenekwa na kuloweka maganda ndani yake. Katika Tanzania tofauti hiyo ni ya kisheria, kwa kuwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inadai leseni kwa mwenye kukeneka, na haimhusu mwenye kuloweka. Tulimrudishia karatasi yake tukiwa tumefuta “Kutengeneza Vodka Nyumbani” na kuandika “Kuloweka Maganda ya Malimau na Ndimu katika Vodka”. Alilalamika kwamba kichwa kimekuwa kirefu. Tumekiacha hivyo.