Dubwana la Al Gore na barafu ya Kilimanjaro

 Leo naleta historia kidogo, tena ya kichekesho.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, chumba chetu cha hosteli kilikuwa na laptop moja na watazamaji sita. Usiku mmoja jamaa akaja na fleshi imejaa South Park, ile katuni ya Kimarekani ya watoto wanne wenye midomo michafu. Tukaangalia kipindi kimoja cha zamani, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mmoja tu alinuna, kijana wa Marangu. Ukazuka ubishi mpaka saa nane usiku. Kumbe ubishi wenyewe Wamarekani walikuwa nao tangu sisi tuko chekechea.

Kipindi kinaitwa "ManBearPig", kilirushwa na Comedy Central tarehe 26 Aprili 2006. Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani hadi Januari 2001, anafika shuleni kuwaonya watoto juu ya dubwana ambalo ni nusu mtu, nusu dubu na nusu nguruwe. (Ndiyo, nusu tatu. Utani wenyewe ndio huo.) Hakuna mwingine aliyewahi kuliona. Watoto wanamhurumia tu, wanamwona mzee mpweke asiye na rafiki, anayetafuta wa kumsikiliza. Baada ya kuwatia kwenye balaa pangoni, anaondoka akitamba kwamba sasa atatengeneza filamu.

Filamu yenyewe ilikuwepo kweli. An Inconvenient Truth ilionyeshwa kwanza Sundance Januari 2006, na mwezi mmoja baada ya katuni ile ikaingia kwenye majumba ya sinema. Kwa hiyo Trey Parker na Matt Stone, wenye South Park, walikuwa wamempiga bwana mkubwa kibao kabla watu wengi hawajamsikia anasema nini.

Hapo watazamaji wakagawanyika. Kuna waliosema kinachochekwa ni mtu, si sayansi: mwanasiasa aliyepata kura nyingi zaidi ya Bush mwaka 2000 lakini akaukosa urais, sasa anajitafutia jukwaa jipya. Wengine wakasema hapana, soma utani vizuri. Dubwana ni ongezeko la joto duniani, na katuni inasema dubwana halipo. Kundi la tatu, ambalo nadhani ndilo lilikuwa kubwa, halikutaka kubishana lolote. Lilipata neno la kumfungia mdomo yeyote anayeongelea mazingira. Ukitaja hewa ukaa, unajibiwa "ManBearPig!", mjadala umekwisha.

Mimi usiku ule nilikuwa kundi la kwanza. Yule wa Marangu hakuwa na kundi, aliuliza tu kama tumewahi kuuona mlima wao.

Na mlima umo kwenye filamu ya Gore. Alionyesha picha za Kilimanjaro cha zamani na cha miaka hiyo, theluji imeisha kama sabuni. Takwimu ni za kweli: mwaka 1912 barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 hazikufika hata 2. Lakini kwa nini iliisha? Oktoba 2007 jaji wa Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya kupinga filamu hiyo kupelekwa mashuleni, alisema hoja kuu za filamu zina msingi wa kisayansi, ila kuna mambo tisa yamevuka mpaka. Kilimanjaro ilikuwa mojawapo. Kupungua kwa barafu kule juu kulianza zamani, hewa ilipokuwa kavu na theluji ikawa chache, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Kuibebesha viwanda lawama yote hakukuthibitika. Wiki hiyohiyo Gore na jopo la IPCC wakatangazwa washindi wa Nobel ya Amani.

Kwa hiyo wenye mashaka walikuwa na pointi kwenye mlima wetu. Tatizo ni kwamba waliichukua pointi ya mlima mmoja wakaifanya jibu la dunia nzima.

Ilichukua miaka 12. Tarehe 7 Novemba 2018 South Park ikarusha "Time to Get Cereal", na wiki iliyofuata mwendelezo wake. Safari hii dubwana lipo, linararua watu mchana kweupe, huku wengine wakiendelea kubisha kama lipo. Watoto wanakwenda kwa Gore kuomba msaada, naye anawakomalia mpaka wakiri kwamba walikosea. Ni nadra sana wachekeshaji kuomba radhi kwa utani wao, tena hadharani namna ile. Mashabiki wakagawanyika upya, hawa wakisema katuni imelainika, wale wakisema radhi imechelewa.

Lakini kilichonishika mimi ni mwisho wake. Inagundulika kwamba wazee wa mji waliingia mkataba na dubwana zamani, ili wapate magari na aiskrimu ya bei mbaya. Wajukuu wanataka kuuvunja. Wanaambiwa gharama yake ni kuacha sosi ya soya na gemu moja la video. Wanakataa. Wanasaini mkataba mpya: dubwana liondoke, lirudi baada ya miaka mitano likiwa kali zaidi, na katika malipo limo hili, roho za watoto wote wa nchi za dunia ya tatu.

Yaani sisi. Inapita kwa sekunde chache, kama kipengele kidogo cha mkataba, na watazamaji wanacheka.

Miaka mitano kutoka Novemba 2018 ni Novemba 2023. Mwezi huo Kenya, Somalia na Ethiopia zilikuwa chini ya maji. Wanasayansi wa World Weather Attribution walioichunguza mvua hiyo walikadiria kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliifanya iwe kali hadi maradufu, huku hali ya Bahari ya Hindi nayo ikichangia.

Hicho kipindi cha pili nilimrushia yule jamaa wa Marangu. Bado hajajibu.