California Baada ya Kura ya 1996: Kufutwa kwa Upendeleo na Hatima ya Mipango ya Fursa Sawa

Tarehe 5 Novemba 1996 wapigakura wa jimbo la California nchini Marekani walipitisha, kwa takriban asilimia 54.6 ya kura, Pendekezo la 209, ambalo liliingizwa katika Katiba ya jimbo hilo kama kifungu cha 31 cha Ibara ya kwanza. Kifungu hicho kinaikataza serikali ya jimbo, pamoja na kaunti, miji, shule na vyuo vya umma, kumbagua au kumpa upendeleo mtu yeyote au kundi lolote kwa sababu ya rangi, jinsia, kabila au asili katika mambo matatu: ajira, elimu na zabuni za umma. Waliokitetea walieleza kuwa kingeondoa upendeleo na kuiacha fursa sawa palepale ilipokuwa. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba mambo hayo mawili yalifungamana kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa upendeleo ulipoondolewa ziliondoka pamoja nao kazi nyingi za kawaida za ofisi za umma, yaani kuwatafuta watu waliokuwa wameachwa nje, kuwapelekea habari za nafasi, na kuzipima idara kwa malengo yanayojulikana. Kazi hizo zilipotafutiwa mbadala, mbadala huo ulikuja taratibu, kwa gharama kubwa, wala haukuziba pengo lote.

Asili ya mipango hiyo ni amri mbili za marais wa Marekani. Mwaka 1961 Rais John F. Kennedy aliwaagiza wakandarasi wa serikali kuu wachukue hatua za makusudi kuhakikisha kuwa waombaji kazi hawabaguliwi kwa rangi, dini au asili yao, na mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliuimarisha wajibu huo kwa Amri Namba 11246, ambayo miaka miwili baadaye ilipanuliwa ili iwahusu wanawake pia. Hatua hizo, zinazoweza kuitwa hatua za usawazishaji, zilijengwa juu ya hoja kwamba kuacha kubagua hakutoshi pale ambapo ubaguzi wa vizazi umekwisha kuamua nani anazo habari za kazi, nani anafahamiana na wenye zabuni, na nani amesoma katika shule yenye walimu wa kutosha. Hata hivyo mahakama ziliziwekea mipaka mapema. Katika kesi ya Bakke ya mwaka 1978, iliyoihusu shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California kule Davis, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha mgao wa nafasi 16 kati ya 100 uliotengewa makundi ya wachache, lakini ikakubali kwamba rangi ya mwombaji inaweza kuangaliwa pamoja na sifa nyingine.

Kutokana na mipaka hiyo, mipango ya California ilitegemea zaidi malengo kuliko mgao, na tofauti yake si ndogo. Mgao hufunga nafasi kadhaa kwa kundi fulani, ilhali lengo humtaka mhusika aonyeshe amejitahidi kiasi gani kulifikia, bila kumwadhibu kwa kulikosa pale jitihada ilipokuwa ya kweli. Sheria ya jimbo ya mwishoni mwa miaka ya 1980 iliweka malengo ya namna hiyo katika mikataba ya serikali: asilimia 15 kwa kampuni za makundi ya wachache, asilimia 5 kwa kampuni za wanawake, na asilimia 3 kwa kampuni za askari wa zamani wenye ulemavu. Serikali za miji nazo zilikuwa na taratibu zao, na vyuo vilituma maofisa kwenda kuwahamasisha wanafunzi katika shule ambazo kwa miaka mingi hazikuwa zimepeleka mtu chuoni.

Upinzani dhidi ya mfumo huo ulipata nguvu katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, wakati uchumi wa California ulipodorora. Gavana Pete Wilson aliufanya suala la kisiasa, na mfanyabiashara Ward Connerly, Mmarekani Mweusi aliyeteuliwa na Wilson kuwa mjumbe wa baraza linalosimamia Chuo Kikuu cha California, aliliongoza baraza hilo Julai 1995 kuamua kuwa rangi na jinsia zisiangaliwe tena katika udahili, ajira na mikataba ya chuo. Pendekezo la 209 lenyewe liliandikwa na wasomi wawili, Glynn Custred na Thomas Wood. Hoja yao ilistahili kusikilizwa kwa uzito, kwa kuwa ilishikilia kwamba dola lililowahi kuwagawa watu kwa rangi ili kuwadhulumu halipaswi kuendelea kuwagawa hata kwa nia njema, na kwamba kila raia ana haki ya kupimwa kwa sifa zake mwenyewe. Baada ya kura, Jaji Thelton Henderson alitoa zuio la muda, lakini Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi wake, na kifungu kikaanza kutumika Agosti 1997.

Swali lililobaki lilikuwa maana ya neno upendeleo, na jibu lake lilitoka mahakamani hatua kwa hatua. Kesi iliyoamua mengi ilitoka katika mji wa San Jose. Katika mradi wa umeme wa mtambo wa kusafisha majitaka, kampuni ya Hi-Voltage Wire Works iliomba zabuni kwa bei ya chini kuliko wengine, ikieleza kuwa itafanya kazi yote yenyewe. Utaratibu wa mji ulimtaka kila mwombaji ama atumie wakandarasi wasaidizi wa kutosha kutoka kampuni za wanawake na za makundi ya wachache, ama athibitishe kuwa amewatafuta kwa kuziandikia barua kampuni nne za namna hiyo kwa kila aina ya kazi, kuzifuatilia na kujadiliana nazo kwa nia njema. Hi-Voltage haikufanya lolote kati ya hayo, ikanyimwa kazi, ikashtaki. Tarehe 30 Novemba 2000 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba hata wajibu wa kuandika barua ni upendeleo, kwa sababu barua zinaelekezwa kwa wengine na si kwa wote. Uamuzi huo ulivuka suala la nani apewe kazi ukagusa suala la nani aambiwe kuwa kazi ipo, na hapo ndipo mipango ya fursa sawa ilipopoteza zana yake ya kawaida kabisa.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya jimbo, katika kesi iliyoendeshwa na Connerly, ilibatilisha mipango ya kisheria iliyohusu bahati nasibu ya serikali, huduma za hatifungani, utumishi wa umma na vyuo vya jamii, pamoja na malengo yaliyobaki ya mikataba, ikaruhusu tu kuendelea kukusanywa kwa takwimu za mikataba. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba lengo la asilimia 3 kwa askari wa zamani wenye ulemavu halikuguswa, kwa kuwa kifungu hakiwataji, na linaendelea kutumika. Serikali haikukosa ujuzi wa kuendesha malengo bila kuvuruga zabuni. Ilichokosa ni ruhusa ya kuyatumia kwa makundi yaleyale ambayo ubaguzi wa rangi na jinsia ulikuwa umeyaumiza.

Katika ujenzi wa barabara matokeo yalikuwa na pande mbili, na mwandishi mwaminifu hana budi kuzitaja zote. Mchumi Justin Marion alilinganisha miradi iliyolipiwa na jimbo na ile iliyolipiwa na serikali kuu, ambako malengo yaliendelea kwa muda, akaona kuwa bei za miradi ya jimbo zilishuka kwa asilimia 5.6 kwa kulinganisha na nyingine. Kwa upande mwingine, utafiti uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kati ya kampuni za makundi ya wachache zilizokuwa zimethibitishwa katika ujenzi wa miundombinu ya usafiri mwaka 1996, ni takriban theluthi moja tu zilizokuwa bado zinafanya kazi. Mlipakodi aliokoa fedha, lakini kampuni nyingi zilizokuwa zimeanza kujenga jina katika biashara hiyo zilitoweka.

Vyuo vikuu vilionyesha athari mapema zaidi. Mwaka 1997 darasa la kwanza la shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, lenye wanafunzi takriban 270, lilikuwa na mwanafunzi Mweusi mmoja tu, naye alikuwa amekubaliwa mwaka uliotangulia akaahirisha kuanza. Mwaka 1998 idadi ya Weusi waliokubaliwa kuanza shahada ya kwanza Berkeley ilishuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2006 chuo cha Los Angeles, UCLA, kilisajili wanafunzi wapya Weusi 96 tu kati ya zaidi ya 4,800, katika jiji lenye mamia ya maelfu ya wakazi Weusi. Mchumi Zachary Bleemer, aliyechambua kumbukumbu za waombaji wa mfumo mzima wa Chuo Kikuu cha California, aligundua kuwa vijana wa makundi ya wachache walisukumwa kwenye kampasi zenye uwezo mdogo zaidi, wakahitimu kwa kiwango cha chini, na mishahara yao ya ujanani ikapungua kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka, hasa miongoni mwa Walatino. Hoja kwamba wangefaulu vizuri zaidi katika vyuo vya ushindani mdogo haikuthibitishwa na kumbukumbu hizo.

Chuo Kikuu cha California kilijibu kwa njia zisizotaja rangi. Kuanzia mwaka 2001 kilihakikisha nafasi kwa asilimia 4 ya wanafunzi bora wa kila shule ya sekondari, kikaanza kumtathmini mwombaji kwa kuzingatia mazingira aliyosomea, na baadaye, mwaka 2020, kiliamua kuacha matumizi ya mtihani wa SAT. Kwa jumla kilitumia zaidi ya dola nusu bilioni katika mipango ya kuwafikia vijana wa shule duni. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, Walatino walikuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanafunzi wapya wa California waliokubaliwa, kwa asilimia 36, ingawa wao ni zaidi ya nusu ya wahitimu wa sekondari za umma za jimbo. Mafanikio hayo ni ya kweli, lakini yalichukua zaidi ya miaka ishirini, na kijana aliyenyimwa nafasi mwaka 1998 hakunufaika nayo.

Wananchi wenyewe hawakuwa na kauli moja. Mwaka 2003 walikataa kwa karibu asilimia 64 pendekezo lililotaka kuizuia serikali kukusanya takwimu za rangi, kana kwamba walitambua kuwa dhuluma isiyohesabiwa haiwezi kurekebishwa. Lakini mwaka 2020 zaidi ya asilimia 57 walikataa kulifuta Pendekezo la 209. Majimbo ya Washington mwaka 1998 na Michigan mwaka 2006 yalifuata njia hiyohiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataza mwaka 2023 matumizi ya rangi katika udahili wa vyuo, na Januari 2025 amri ya Johnson ya mwaka 1965 ikafutwa. Njia iliyopitiwa na jimbo moja sasa imekuwa njia ya nchi nzima.

Kwa hiyo historia ya California ina uzito kwa yeyote anayejali usawa, awe anaunga mkono hatua za usawazishaji au anazipinga. Sheria inayokataza upendeleo bila kueleza bayana ni kazi zipi za kuwatafuta na kuwaarifu watu zinazobaki halali itaishia kuzifuta hizo pia, kwa kuwa mahakama zitaitafsiri kwa upana, na idara zenye hofu ya kushtakiwa zitajizuia kabla ya kuzuiwa. Na pale ambapo njia mbadala hazikuandaliwa na kutengewa fedha kabla ya ile ya zamani kufungwa, gharama ya kusubiri hubebwa na waliokuwa nyuma tangu mwanzo. Usawa mbele ya sheria ni jambo jema na la lazima. Lakini wajibu wa kumfikia aliyeachwa nje ni kazi inayohitaji watu, takwimu na bajeti, na taifa linaloiacha kazi hiyo haliwezi kudai kuwa limewapa raia wake fursa sawa.