Golf GTI: breki iliyoitwa difu

Wadau, rafiki yangu ameuziwa sensa mbili za ABS, na GTI yake bado inasota tairi la ndani kila akitoka kwenye kona. Ukiniuliza, kosa lilianza 2009.

Mwaka huo Volkswagen walitoa Golf GTI ya kizazi cha sita yenye XDS. Watu wakaiita difu ya umeme. Difu gani? Ilikuwa breki tu, inabana tairi la ndani lisizunguke bure.

Difu yenyewe, VAQ, ilikuja 2013 kwenye kizazi cha saba chenye Performance Pack. Hii ni klachi ya sahani nyingi ndani ya oili, inabanwa na pampu ya umeme kwa amri ya kompyuta. Pampu ikifa gari halisimami. Mfumo wa kuzuia utelezi unakata nguvu ya injini na ugonjwa unajificha.

Fundi aliyezoea XDS ataenda moja kwa moja kwenye breki. Mwambie asome kodi za difu, akague oili, kisha aifungue pampu: wavu wake huweza kuzibwa na uchafu wa klachi. Rafiki yangu anafungua ya kwake Jumamosi.