Somo la Nane: Mafuta, Mishahara na Watu wa Kazi

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa katika redio. Kiongozi wa kikundi ayasome tena polepole, kisha watu wajibu maswali yaliyo mwishoni.)

Somo letu la leo ni la historia, nalo limetengenezwa hasa kwa ajili ya vikundi vya Msangano na majirani zake wa bonde la Momba. Walio mbali wasizime redio, maana jambo hili linawahusu pia.

Serikali mpya huanza na nini? Wengi watajibu kwamba huanza na bendera. Ni kweli. Lakini bendera ikishapandishwa, kesho yake asubuhi watu hurudi kazini, na hapo serikali hukutana na maswali matatu. Mashine zitaendeshwa kwa nini? Mtu wa kazi atalipwa kiasi gani? Na watu wanaoijua kazi watatoka wapi? Leo tutaitazama serikali moja iliyopata maswali haya yote matatu kwa wakati mmoja. Ni serikali ya Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya Tunduma, kati ya mwaka 1964 na mwaka 1968.

Kwanza tukumbuke mpaka wenyewe. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walipatana huko Ulaya juu ya nchi hizi, na mstari ukapita katikati ya watu. Wanyamwanga wakajikuta wengine upande huu na wengine upande ule, lugha ni moja na ukoo ni mmoja. Baadaye ikaja kodi ya kulipwa kwa fedha, na fedha haikuwako kijijini. Basi vijana wakaitafuta. Wengine walikwenda Lupa, huko Chunya, kuchimba dhahabu. Wengine walichukuliwa manamba wakakate mkonge Tanga na Morogoro. Wengine walikwenda kusini hadi migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, na wengine walipelekwa na Wenela mpaka Afrika Kusini. Waliorudi walileta blanketi, baiskeli au cherehani. Lakini miaka ile ambayo hawapo, ni nani aliyefyeka shamba jipya? Wazee wa kikundi wanajua jibu: ni mama, babu na watoto. Shikeni neno hili, tutalirudia.

JAMBO LA KWANZA: MAFUTA NA NGUVU ZA MASHINE

Rodesia ya Kaskazini ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, ikaitwa Zambia, na Kenneth Kaunda akawa rais wake wa kwanza. Nchi ilikuwa na mali. Migodi yake ilitoa shaba zaidi ya tani 600,000 kwa mwaka, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za fedha iliyopatikana kwa kuuza bidhaa nje zilitoka katika shaba hiyo. Mtu aweza kusema, "Hawa wana bahati." Lakini tazameni mali hiyo ilivyofungwa kwa kamba za watu wengine.

Reli ya kupeleka shaba pwani ilipita Rodesia ya Kusini, nchi iliyotawaliwa na walowezi. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, huko huko Rodesia. Umeme ulitoka katika bwawa la Kariba, katika mto Zambezi. Mto ni wa nchi zote mbili, lakini nyumba ya mitambo ilikuwa imejengwa ukingo wa kusini, upande wa Rodesia. Petroli na dizeli nazo zilipita njia hiyo hiyo ya kusini. Ni kama mtu mwenye shamba kubwa, lakini mlango wa ghala lake uko ndani ya ua wa jirani asiyempenda.

Tarehe 11 Novemba 1965 jirani huyo akafunga mlango. Ian Smith na walowezi wenzake wa Rodesia walijitangazia uhuru wao, bila kuwashirikisha Waafrika waliokuwa wengi katika nchi. Mwezi Desemba Uingereza ikazuia mafuta yasiende Rodesia. Rodesia nayo ikazuia yasipite kwenda Zambia. Serikali iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na kitu ikajikuta haina mafuta.

Yalifanywa mambo ya ajabu. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa ya mafuta angani, nyingine zikitoka Dar es Salaam na nyingine Kongo. Fikirini gharama yake: ndege inachoma mafuta ili ipeleke mafuta. Watu wa Zambia wakagawiwa petroli kwa kipimo. Na malori yakaanza kuja kwa njia ya Iringa, Mbeya na Tunduma.

Wazee mliokuwa vijana wakati ule mtaikumbuka njia hiyo. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ni vumbi, masika ni matope na utelezi, na katika miteremko malori yalipinduka. Wasafiri waliiita Njia ya Jahanamu. Kutoka Dar es Salaam mpaka migodini ni karibu kilomita 1,900. Kwenda lori lilichukua mapipa ya mafuta, na kurudi lilichukua shaba.

Tufanye hesabu ya mfano. Kiongozi aandike ubaoni. Tuseme lori linabeba mapipa 40, na safari ya kwenda na kurudi inakula mapipa 8. Basi katika kila mapipa matano yanayofika, moja limeliwa njiani. Bado hujamlipa dereva na utingo, bado hujanunua mipira na springi zilizovunjika. Ndiyo maana mafuta yaliyopita Tunduma yalikuwa ghali.

Serikali mbili, ya Tanzania na ya Zambia, zikaamua kutafuta dawa ya kudumu. Bomba la mafuta lilijengwa na Waitaliano kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, urefu wake kilomita 1,710, likamalizika mwaka 1968. Linaitwa TAZAMA. Barabara ikatiwa lami baadaye. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ikavuka Tunduma mwaka 1973, na ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa makaa, Zambia ilifungua machimbo yake kule Nkandabwe mwaka 1966, na baadaye Maamba. Makaa ya Nkandabwe hayakuwa mazuri kama ya Wankie, lakini yalikuwa yao.

JAMBO LA PILI: MISHAHARA

Wakati huo huo wachimbaji walikuwa na dai lao. Siku za ukoloni mgodi ulikuwa na ngazi mbili za mishahara, moja ya Wazungu na nyingine ya Waafrika, na ngazi hizo zilitofautiana mno. Uhuru ulipokuja, mchimbaji aliuliza, "Mbona bendera imebadilika, na bahasha yangu haijabadilika?" Swali lake lilikuwa la haki. Mwaka 1966 wakagoma. Serikali ikaunda Tume ya Brown, na mwaka huo huo mishahara ya wachimbaji Waafrika ikapandishwa kwa kiasi cha asilimia 22. Yaani aliyepata shilingi 100 sasa alipata 122.

Hapo yafaa tuwe waangalifu. Mchimbaji alistahili. Lakini alipopandishwa yeye, wafanyakazi wengine wa mijini walidai nao, na wengi wakapata. Bei za vitu zikafuata. Yule ambaye hakuwa na mwajiri wa kumdai, yaani mkulima wa kijijini, alibaki na bei ile ile ya mahindi yake, lakini sabuni na nguo alinunua kwa bei mpya. Pengo kati ya mji na shamba likapanuka. Kijana aliyeona pengo hilo alifanya nini? Alifunga mzigo akaenda mjini, hata kama kazi hakuna.

JAMBO LA TATU: UPUNGUFU WA WATU WA KAZI

Mtu atauliza, "Ikiwa vijana walijaa mjini wakitafuta kazi, upungufu wa watu ulitoka wapi?" Ni swali zuri, na ndilo kiini cha somo hili.

Siku ya uhuru, Zambia nzima ilikuwa na Waafrika wapatao 100 tu waliomaliza Chuo Kikuu. Waliomaliza sekondari kwa cheti walikuwa kiasi cha 1,200. Kwa watu hao ilitakiwa kuendesha wizara, hospitali, shule na migodi mikubwa ya kisasa. Haikosi mikono ya kusukuma toroli. Inakosa fundi wa mitambo, mhandisi, daktari na mwalimu. Waliokuwa na ujuzi huo wengi wao walikuwa Wazungu, nao waliweza kuondoka siku yoyote, kwa hiyo walidai malipo makubwa ili wabaki. Serikali ililazimika kuwalipa, huku ikijenga shule kwa haraka. Chuo Kikuu cha Zambia kilifunguliwa mwaka 1966.

Basi upungufu ulikuwa wa namna mbili. Mjini palikuwa na watu wengi na ujuzi mchache. Shambani ujuzi wa kilimo ulikuwapo, lakini watu wenye nguvu walikuwa wamekwenda mjini. Mnaona? Ni jambo lile lile tulilosema mwanzoni juu ya mama na babu waliobaki kufyeka.

NA UPANDE WETU?

Tusimcheke jirani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, nayo ilikutana na maswali hayo. Serikali ilikataza watu kuandikwa kwenda migodi ya Afrika Kusini, kwa sababu ya ubaguzi wa nchi ile. Lilikuwa jambo la heshima, lakini nyumba nyingi za nyanda za kusini zilipoteza fedha ziliyokuwa zikija kila mwaka. Mwaka 1962 Tume ya Chesworth iliangalia mishahara, na mwaka 1963 kima cha chini kipya kikaanza. Kima cha chini maana yake ni mshahara ambao mwajiri haruhusiwi kulipa chini yake. Aliyebaki kazini alipata nafuu ya kweli. Lakini waajiri wengi, na hasa wa mashamba makubwa, walipunguza watu. Nafuu ya mmoja ikawa safari ya mwingine kurudi nyumbani mikono mitupu.

TUPATE NINI KATIKA SOMO HILI?

La kwanza: gharama ya mafuta haiishi katika tangi la lori. Huingia katika chumvi, katika nauli, na katika mashine ya kukoboa mpunga wetu. Msangano hakuna mgodi wa shaba, lakini dizeli ikipanda Tunduma, kinu cha bondeni hujua.

La pili: kupandisha mshahara ni haki, lakini serikali yapasa iulize pia ni nani asiye na mshahara, na kupanda huko kutamfikiaje. Mkulima hana mgomo. Akiacha kulima, anajigomea mwenyewe.

La tatu: barabara hujengwa kwa miaka mitatu, bomba kwa miwili, lakini fundi hujengwa kwa miaka kumi na tano tangu aingie darasa la kwanza. Nchi isiyoanza mapema itanunua ujuzi kwa bei ya mwenye nao. Mtoto wa kike au wa kiume anayetolewa shule leo ili akafukuze ndege shambani, ni fundi tutakayemkosa baadaye.

Vitu vya wakati ule bado vipo. Bomba lilipitisha mafuta ghafi miaka mingi, na mwaka 2023 lilianza kupitisha dizeli. Malori bado hupanga foleni Tunduma. Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, unaishi kando ya njia ile ile. Kwa hiyo historia hii si ya kusikiliza tu. Ni ya kupimia mambo kila serikali, yetu au ya jirani, inapotangaza bei mpya ya mafuta au mshahara mpya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Zambia yenye shaba nyingi ilikosa mafuta mwezi Desemba 1965?
2. Taja vitu vitatu ambavyo bei yake hapa kijijini hubadilika dizeli inapopanda. Kila mtu aeleze kwa nini.
3. Je, mishahara ya wachimbaji isingepandishwa, mkulima angepata faida? Wagawanyike watu katika pande mbili wajibizane.
4. Wazee wawasimulie vijana: ni nani katika ukoo wenu alikwenda kazi ya mbali, na ni nani alilima shamba lake?

Katibu wa kikundi aandike majibu katika daftari. Kama hamkupatana katika swali la tatu, msione vibaya. Andikeni majibu yote mawili, na sababu zake. Juma lijalo tutasoma habari za reli ya TAZARA na watu walioijenga. Mpaka hapo, kwaherini, na msomeji aliye karibu na taa amsomee mwenzake asiyeona vizuri.