Juliasi Kaizari (tafsiri ya Nyerere)

Tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar (1599), iliyofanywa na Julius Kambarage Nyerere (1922–1999), mzaliwa wa Butiama, mkoani Mara. Oxford University Press iliichapa mwaka 1963, mfasiri akiwa tayari Rais wa Tanganyika. Toleo lililosahihishwa, lenye jina hili, lilitoka 1969, mwaka uleule wa tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi.

Tamthilia inasimulia njama ya Brutus na Cassius, mauaji ya Kaizari mjini Roma tarehe 15 Machi 44 KK, hotuba ya Antony inayowageuza raia, na vita vya Filipi vya 42 KK, ambako wala njama hao wawili walijiua. Shakespeare alizipata habari hizo kwa Plutarch, Mgiriki. Nyerere alishika mistari isiyo na vina, uamuzi wa kijasiri mbele ya washairi waliolelewa kwa vina na mizani.

Mwana huyo wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alianza shule Mwisenge, Musoma, 1934. Jina Julius alipewa kwenye ubatizo, 1943. Kufanana kwake na jina la Kaizari ni sadfa tu, ingawa ya kupendeza.