Dereva na Utingo Wake: Historia ya Wasio na Majina Waliofanya Magari Machakavu Yafike Dodoma

Lori likipata ajali Bongo, habari huwa zinakuja hivi: jina la dereva, umri wake, anakoishi. Halafu mwishoni kabisa, "na utingo wake". Basi, imeisha. Jamaa aliyekuwa analala chini ya lori na kubeba magogo mlimani hapewi hata jina.

Lakini kwa mtu yeyote mwenye gari la zamani anayekata njia kati ya Dar na Dodoma, huyo asiye na jina ndiye mwalimu. Hebu tuanzie mbali kidogo.

Jina lake la zamani ni taniboi, neno lililotoka kwenye Kiingereza, likiwa na maana ya kijana wa kuzungusha. Kuzungusha nini? Hendeli. Magari ya mwanzo hayakuwashwa kwa ufunguo. Mtu alisimama mbele ya gari, akachomeka chuma, akazungusha kwa nguvu mpaka injini iitike. Injini ikigoma na kupiga kinyume, chuma kinarudi kwa kasi na mkono unaweza kuvunjika. Dereva yeye yuko juu kwenye usukani, anasubiri.

Baadaye selfu ikaja na hendeli ikaanza kupotea, ila jamaa hakuondoka kwenye lori. Kwa nini? Kwa sababu kwenye barabara za kanda ya kati, kuwasha gari ilikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa ilikuwa kulifikisha.

Somo kubwa kuhusu mashine za mitumba lilitolewa Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga pale. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imetoka kuisha, matrekta mapya hayapatikani, kwa hiyo wakanunua yaliyotumika, mengine mabaki ya jeshi kutoka mbali huko Ufilipino. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000.

Kilichotokea? Mto Kinyasungwe ukafurika na kuharibu reli, mizigo ikabidi ipite barabara ya vumbi. Mibuyu na vichaka vya Ugogo vikavunja mashine. Kiangazi kilipofika, udongo ukakauka ukawa kama saruji. Spea hakuna, mafundi wachache, na mitambo mingi ikalala gereji kabla hata mwaka haujaisha. Ekari zilizopatikana hazikufika hata 10,000. Mradi ukafungwa mwaka 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda na maji.

Watu wengi wanasema Kongwa ilishindwa kwa sababu ya mvua na udongo. Ni kweli, ila kuna la tatu: walileta mashine kuukuu bila kujiandaa kuzihudumia. Chombo cha zamani kinaweza kufanya kazi miaka mingi. Kinachokiua ni kukosa spea na kukosa mtu anayekijua.

Huyo mtu, kwenye malori ya kanda ya kati, alikuwa utingo. Kazi yake ilionekana vizuri zaidi miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979, mafuta bei juu, fedha za kigeni hakuna, na spea ilikuwa adimu kama sukari. Magari yalitembea kwa akili ya watu. Tanki likivuja, linazibwa kwa kipande cha sabuni ya mche. Springi ikikatika, inafungwa kwa gogo na mipira ya tairi la ndani. Rejeta ikikauka, utingo anashika dumu na kwenda kutafuta maji kijijini kwa miguu.

Na milimani ndiyo balaa. Pale Sekenke, kati ya Singida na Igunga, lori likiishiwa nguvu na kuanza kurudi nyuma, utingo anaruka chini na kigingi mkononi kwenda kuzuia tairi. Akichelewa, lori linaondoka na dereva. Akiteleza, linampitia yeye.

Kisha enzi ya Ruksa ikaingia. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, na baadaye magari madogo yaliyotumika Japani yakajaa. Lami nayo ikasogea. Mwaka 2018 ilizinduliwa barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Serikali ilishaanza kuhamia Dodoma, na watumishi wakahamia na vigari vyao.

Ila tatizo liko hapa: kigari hakina kiti cha utingo. Gari lina miaka 20, limechemsha porini saa nane mchana, na mwenyewe hajui hata mfuniko wa rejeta uko wapi. Akiujua, anaufungua hapo hapo na maji ya moto yanamrukia usoni. Utingo asingefanya hivyo. Angezima injini, akasubiri ipoe kabisa, ndipo afungue kwa kitambaa, taratibu.

Asubuhi angekuwa ameshakagua maji, oili, feni belti na upepo wa tairi la spea. Gari likizima, angekata matawi na kuyapanga mbali nyuma, ili anayekuja kasi aone mapema. Na la mwisho, ambalo wengi wanalisahau: utingo anayejua kazi yake hukusanya mawe yote kabla ya kuondoka. Jiwe lililokuokoa wewe mchana linaweza kumuua mwenye bodaboda usiku, na hakuna atakayejua nani aliliacha pale.

Kwa hiyo mwenye gari kuukuu ni dereva na utingo kwa pamoja, apende asipende. Na kama kwenye ukoo wenu kuna babu au mjomba aliyewahi kufanya kazi hiyo, kaa naye umuulize mambo ya njiani. Muulize na jina walilokuwa wanamwita huko barabarani, maana kwenye magazeti halipo.