Mtunza Bustani na Mgeni: Mabishano ya Oxford juu ya Maneno ya Dini

Katika mwaka wa 1936 A. J. Ayer, aliyekuwa kijana wa miaka 25, alichapisha kitabu kiitwacho Language, Truth and Logic, na ndani yake mlikuwa na hukumu kali. Usemi usioweza kuthibitishwa kwa milango ya fahamu, wala usio kweli kwa maana ya maneno yake wenyewe kama hesabu zilivyo, si kweli wala si uongo, hauna maana. Kwa hukumu hiyo asemaye Mungu yupo na asemaye hayupo walitupwa nje pamoja.

Hukumu yenyewe haikuishi sana. Watu waliuliza kama kipimo kile chaweza kujipima, na jibu halikupatikana. Ayer alikitengeneza upya katika chapa ya 1946. Mwaka wa 1949 Alonzo Church akaonyesha ya kuwa kwa kanuni mpya karibu kila usemi hupita. Walakini kipimo kilipovunjika ilibaki desturi ya kumwuliza msemaji wa dini: Maneno yako yanakanusha nini?

Antony Flew alilileta swali hilo mbele ya Socratic Club ya Oxford, chama cha mabishano ambacho C. S. Lewis alikuwa rais wake, na makala yake ikapigwa chapa mwaka wa 1950. Aliuchukua mfano wa bustani uliotolewa kwanza na John Wisdom, akaugeuza. Wasafiri wawili wanafika penye uwazi katikati ya msitu, palipoota maua na magugu pamoja. Mmoja asema yuko mtunza bustani. Wanakesha, hawamwoni. Wanazungusha uzio wa waya wenye umeme, wanaleta mbwa. Hapana apigaye ukelele, wala mbwa hawabweki. Ndipo mwenye kuamini asema mtunzaji haonekani, hashikiki, hana harufu. Mwenzake amwuliza: Mtunzaji wa namna hiyo ana tofauti gani na asiyekuwapo? Kwa maoni ya Flew, dai la dini halivunjwi kwa pigo moja. Hufa kwa kupunguzwa kidogo kidogo na yule yule alitetealo.

Wako waliojibu kwamba maneno ya dini si madai hata kidogo. R. M. Hare aliyaona kuwa namna ya kuutazama ulimwengu, na R. B. Braithwaite, mwaka wa 1955, aliyafanya kuwa nia ya kushika mwenendo fulani wa maisha. Naona majibu haya yalitoa nyumba nzima ili kuokoa mlango. Mzee aombaye mvua hatangazi mwenendo wake. Anamwomba Mtu ampe kitu.

Basil Mitchell, aliyekuwa ametumika katika jeshi la majini la Uingereza wakati wa vita, alijibu vizuri zaidi. Katika nchi iliyotekwa, mpiganaji wa siri akutana usiku na Mgeni, wakazungumza hata kucha, akasadiki kwamba Mgeni yu upande wao. Baadaye Mgeni aonekana akiwasaidia. Siku nyingine, amevaa sare ya polisi, akiwatia wazalendo mikononi mwa adui. Mpiganaji hasemi kwamba jambo hili si kitu. Lamwuma, nalo lahesabiwa dhidi ya imani yake, lakini haliachi neno alilolipokea.

Hapa Kiswahili chafaa kusikilizwa. Twaamini habari, na twamwamini mtu, kwa kitenzi kimoja. Na amana, kitu kiwekwacho kwa mtu, yatoka katika shina lilo hilo. Flew aliipima imani ya kwanza tu.

Tangu hapo vyombo vya wachambuzi vimetumika kujenga. Alvin Plantinga, mwaka wa 1974, alimjibu J. L. Mackie juu ya uovu na uwezo wa Mungu; Richard Swinburne akafuata mwaka wa 1977, na mwaka wa 2009 Oliver Crisp na Michael Rea wakahariri kitabu Analytic Theology. Wala si kazi ngeni: wanachuoni wa Kiislamu wa ilimu ya kalamu walizipima sifa za Mungu kwa mantiki karne nyingi kabla.

Flew mwenyewe, mwaka wa 2004, alitangaza kwamba amekubali yuko Mungu, kwa sababu ya mpango auonao katika maumbile. Lakini Mungu huyo alifanana na yule wa Aristotle, asiyesema na watu wala kujibu maombi. Flew alifariki mwaka wa 2010 akiwa amempata mtunza bustani; Mgeni wa Mitchell hakumtafuta.